Neno la siri si dhamana ya deni

Lubumbashi – Katika Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, tovuti si tena pambo la makampuni makubwa peke yake. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 iliweka kazi za sous-traitance mikononi mwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani. Tangu hapo, mwenye kampuni ndogo ya usafirishaji, ya kupika chakula, ya usafi ao ya uchomeleaji anayetafuta soko kwenye migodi anataka aonekane. Anataka karatasi zake ziwe na anwani ya barua pepe yenye jina la kampuni, na mtu wa mgodi akitafuta jina hilo kwenye intaneti akute kitu. Masomo, hoteli, makanisa na vituo vya afya vinafuata njia hiyohiyo.

Nyuma ya tovuti hizo kuna vijana. Kuna waliosoma enformatike katika vyuo kama Université de Lubumbashi ao École Supérieure d'Informatique Salama, na kuna waliojifundisha wenyewe kwa kutazama video kwenye telefone. Wanafanya kazi wakati umeme upo, hata kama ni saa nane za usiku. Wananunua mega kwa mfuko wao, na mara nyingi kompyuta ni moja kwa watu wawili. Ni kazi ya heshima, nayo inalisha jamaa.

Lakini kuna ugonjwa ndani ya kazi hii, na kila mtu anaufahamu. Mteja analipa nusu, ao chini ya nusu. Kijana anatengeneza tovuti. Anaandikisha jina la tovuti kwa jina lake mwenyewe na kwa barua pepe yake, kisha anaweka neno la siri analolijua yeye peke yake. Mteja hasemi kitu, kwa sababu hajui kama kuna kitu cha kuuliza. Miezi inapita. Mteja hamalizi deni, kijana anakasirika, anafunga tovuti. Ao mteja amelipa yote, lakini kijana amepata kazi Kinshasa na amebadilisha namba, na siku ya kulipia mwaka mwingine hakuna anayejibu. Tovuti inazimika, na barua pepe zote za kampuni zinazimika pamoja nayo. Mteja anasema: "Vijana wa enformatike ni wezi." Kijana anasema: "Wateja hawalipi." Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na ndiyo maana ugomvi hauishi.

Ni lazima jambo hili lisemwe waziwazi: neno la siri haliwezi kuwa dhamana ya deni. Fundi anayeshika funguo za mteja ili alipwe anaharibu jina lake na la wenzake wote. Na mteja anayekataa mkataba na kuchelewesha malipo ndiye anayemfundisha fundi kushika funguo. Njia ya kutoka humo ipo, na haihitaji sheria mpya wala pesa nyingi.

Jina, nyumba na vyombo

Kila tovuti ina vitu vitatu, na mteja anapaswa kuvitofautisha kabla hajatoa dola moja.

Cha kwanza ni jina, lile linaloandikwa juu ya ukurasa na kuishia na .com, .org ao .cd. Hiyo .cd ni ya Kongo. Nchi ilipobadilisha jina mwaka 1997 ilichukua nafasi ya.zr ya Zaire. Jina halinunuliwi mara moja kwa siku zote. Linalipiwa kwa mwaka, na jina la .com kwa kawaida ni kati ya dola 10 na 20 kwa mwaka mmoja. Mtu anaweza kulilipia hadi miaka 10 kwa mara moja.

Cha pili ni nyumba, yaani seva, ile mashine inayohifadhi tovuti na kuitoa kwa kila anayeifungua. Hii ni nyumba ya kupanga. Mwenye tovuti anaweza kuhama seva moja kwenda nyingine bila wateja wake kujua.

Cha tatu ni vyombo vya ndani: maandishi, picha, rangi, na programu inayoviendesha. Tovuti nyingi zinatumia WordPress, programu ya bure iliyotoka mwaka 2003.

Kati ya vitu hivyo, jina ndilo lenye uzito kuliko yote. Nyumba inabadilishwa. Vyombo vinatengenezwa upya. Lakini jina likipotea, anwani iliyoandikwa kwenye magari, kwenye makoti ya wafanyakazi na kwenye barua zilizopelekwa mgodini haina maana tena. Na kwa kampuni inayosimamia majina, mwenye jina ni yule aliyeandikishwa. Haiangalii ni nani aliyetoa pesa mkononi kule Kamalondo ao Kampemba.

Katika Katuba ao Ruashi hakuna mtu angekubali mwashi aandikishe parsele kwa jina lake eti kwa sababu ndiye aliyesimamisha ukuta. Hata mwashi mwenyewe angeona haya kuomba. Kwa tovuti, jambo hilohilo linafanyika kila siku na watu wanaona ni kawaida.

Kuna saa pia inayohesabu. Jina la .com likipita tarehe yake bila kulipiwa, kampuni nyingi zinazouza majina huacha siku chache za neema, hadi 45 kwa zile zenye huruma. Kisha kuna siku 30 ambapo mwenye jina peke yake anaweza kulirudisha, kwa malipo makubwa zaidi. Kisha siku 5 za mwisho, na jina linakuwa la yeyote atakayefika wa kwanza. Matangazo ya tarehe hizo yanapelekwa kwa barua pepe iliyoandikishwa. Kama barua pepe hiyo ni ya kijana aliyehama, mwenye kampuni hapati hata neno moja. Anakuja kujua siku anayosubiri jibu la soko na jibu halifiki.

Kwa nini vijana wanashika funguo

Itakuwa si haki kuweka lawama yote kwa vijana. Mtengeneza tovuti anakutana na mambo ambayo fundi wa magari hakutani nayo. Gari lisipolipiwa linabaki gareji. Tovuti ikishawekwa hewani, mteja anaitumia, anaionyesha kwa wageni, na deni linakuwa hadithi ya "kesho".

Kuna mteja anayesema atalipa "kazi ikiisha", lakini kazi haiishi. Leo anataka ukurasa wa picha, kesho ukurasa wa wafanyakazi, juma linalofuata anataka rangi ya buluu iwe kijani kwa sababu shemeji yake hakuipenda. Kuna mteja asiyeleta maandishi. Fundi anangoja miezi miwili historia ya kampuni na picha za ofisi, kisha anaambiwa amechelewesha. Kuna mteja wa jamaa, anayemwita fundi "mtoto wangu" siku ya kuomba kazi na kusahau undugu siku ya malipo. Na kuna mteja anayekwenda kwa mwingine katikati ya kazi kwa sababu amepata anayemwambia dola 50 chini.

Mbele ya mambo hayo, kijana anatafuta ulinzi. Hana wakili, hana karatasi, hana ofisi. Kitu pekee alicho nacho mkononi ni neno la siri. Basi analishika.

Ulinzi huo ni wa uongo. Akifunga tovuti, mteja hampi pesa. Anampa jina baya, na jina hilo linatembea kutoka komini moja hadi nyingine kuliko tangazo lolote. Zaidi ya hapo, aliyefunga tovuti ambayo mwingine alikwisha kulipia sehemu yake anaweza kujikuta yeye ndiye anayeshtakiwa. Alikuwa na deni la kudai. Sasa ana kesi ya kujibu.

Nguvu ya kweli iko kabla ya kukabidhi

Ulinzi wa haki upo, nao ni wa kiufundi kama ulivyo wa kibiashara. Fundi mwenye busara hajengi moja kwa moja kwenye jina la mteja. Anajenga kwenye anwani ya majaribio, sehemu yake mwenyewe ya seva, iliyofungwa kwa neno la siri na iliyozuiwa isionekane kwenye Google. Mteja anapewa kiungo, anatazama, anasahihisha, anaona kila ukurasa unavyofanya kazi kwenye telefone yake. Siku ya malipo ya mwisho ndiyo siku tovuti inahamishwa kwenye jina la mteja.

Kwa njia hiyo hakuna anayemfunga mwingine. Jina ni la mteja tangu mwanzo, na kazi isiyolipwa inabaki kwa fundi. Mteja akitoroka, fundi amepoteza sehemu ya jasho lake lakini hajashika mali ya mtu. Fundi akitoroka, mteja amepoteza avansi lakini jina lake liko salama, na anaweza kumwita mwingine amalizie.

Malipo nayo yagawanywe. Kwa kazi ya dola 500, kwa mfano, dola 200 zinatolewa siku ya kutia saini, 150 siku mteja anapokubali sura ya kurasa kwenye anwani ya majaribio, na 150 kabla ya kuhamisha. Pesa ya jina na ya seva isichanganywe na hizo. Hiyo ni mali ya mteja. Ailipie yeye mwenyewe, kwa karte ya benki yake, ao fundi ailipie kwa niaba yake na kumpa karatasi ya malipo yenye jina la kampuni.

Ukurasa mmoja unatosha

Watu wakisikia neno mkataba wanafikiria karatasi 20 na mhuri wa wakili. Kwa tovuti ya kampuni ndogo, ukurasa mmoja unatosha, kama unajibu maswali haya bila kuzunguka.

Kitatengenezwa nini? Si "tovuti nzuri", bali kurasa ngapi, kwa lugha gani, zenye nini. Nani analeta maandishi na picha, na siku gani? Mteja akichelewa, tarehe ya kumaliza inasogea kwa siku zilezile. Masahihisho ni mara ngapi? Mara mbili ao tatu zimo ndani ya bei. Zaidi ya hapo kuna bei yake, na bei hiyo iandikwe. Malipo ni ya namna gani na kwa siku zipi? Jina limeandikishwa kwa nani? Na kama mmoja akiacha katikati, nani anabaki na nini?

Wengi wanapatana kwa WhatsApp na kulipana kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Hilo si baya, na lisidharauliwe. Code du numérique ya Kongo, yaani ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inatambua maandishi ya kielektroniki. Lakini ujumbe wa sauti uliotumwa usiku katikati ya habari za mpira si mahali pa kutafuta ushahidi. Afadhali mapatano yote yawekwe kwenye hati moja, itumwe kwa barua pepe, na kila upande ujibu kwa maandishi kwamba umekubali.

Fundi naye ajitoe kwenye giza. Kongo imo ndani ya OHADA tangu tarehe 12 Septemba 2012, na sheria ya OHADA kuhusu biashara ina nafasi iliyowekwa kwa watu wadogo wanaofanya kazi peke yao, nafasi ya entreprenant. Mtu anatangaza kazi yake kwenye registre du commerce, na kwa sheria tamko hilo halilipishwi. Anapata namba ya kuandika kwenye faktire. Kampuni inayofanya kazi na migodi inahitaji faktire yenye namba, kwa sababu nayo inakaguliwa. Kijana asiye na namba anaachiwa kazi za makombo, hata kama ana mkono mzuri kuliko wote.

Siku ya kukabidhi

Makabidhiano yafanywe kama ya nyumba: watu wamekaa mezani, kompyuta iko wazi, na karatasi inatiwa saini. Mteja anapaswa kuondoka na vitu hivi: akaunti ya kampuni inayouza majina, kwa barua pepe na namba ya telefone ya kampuni, akaunti ya seva, akaunti ya juu kabisa ya WordPress, nakala kamili ya tovuti kwenye diski ao flashi, na orodha ya kila kitu kinacholipiwa kwa mwaka, na tarehe zake.

Namba ya telefone ni jambo dogo linaloleta msiba mkubwa. Akaunti nyingi siku hizi zinatuma namba za uthibitisho kwa telefone. Kama laini ni ya sekretere aliyeacha kazi, funguo zimekwenda naye. Laini na barua pepe ya kurudishia akaunti ziwe za kampuni. Na barua pepe hiyo isiwe ile iliyo kwenye jina la tovuti lenyewe, kwa sababu jina likizimika, nayo inazimika, na mlango wa kurudia unafungwa kwa ndani.

Fundi abaki na akaunti yake mwenyewe, tofauti, ambayo mteja anaweza kuifuta wakati wowote. Watu wawili wasitumie neno moja la siri. Na maneno ya siri yasitumwe katika kikundi cha WhatsApp chenye watu 30.

Hapo kuna usafi mwingine ambao fundi anadaiwa. Wako wanaochukua sura za tovuti zinazouzwa na kutumia nakala zilizovunjwa kufuli, zinazogawiwa bure. Nakala za namna hiyo mara nyingi zina mlango wa siri ndani yake. Aliyeiweka anaweza kuingia siku yoyote na kugeuza tovuti ya masomo kuwa tangazo la kamari. Mteja anakuwa amelipa nyumba ambayo mtu wa tatu ana funguo zake. WordPress ina sura nyingi za bure na halali. Hakuna sababu ya kuiba.

Kazi nyepesi ndiyo inayomrudisha mteja

Mkataba mzuri hauwezi kuokoa tovuti mbaya. Mteja anayeona tovuti yake haimletei hata simu moja hatalipia mwaka wa pili, na atakuwa na haki. Katika mji huu, tovuti mbaya maana yake kwanza ni tovuti nzito.

Hesabu ni rahisi. Picha moja iliyotoka kwenye telefone ya leo ina mega 3 ao 4. Fundi mvivu anaweka mbili kama zilivyo kwenye ukurasa wa kwanza, na ukurasa unafika mega 6. Watu 500 wakiufungua, wametumia pamoja mega 3.000, karibu giga 3, ambazo kila mmoja amezinunua kwa franka zake. Wengi wao hawangoji. Wanarudi nyuma kabla picha hazijaonekana. Picha hizohizo zikipunguzwa upana hadi pikseli 1.200 na kuhifadhiwa kwa muundo wa WebP ao JPEG iliyobanwa, kila moja inaweza kushuka chini ya kilobaiti 200, na jicho lisione tofauti. Ukurasa mzima unaweza kukaa chini ya kilobaiti 600. Hiyo ni mara kumi nyepesi, kwa kazi ya saa moja.

Video isijiendeshe yenyewe. Picha zinazobadilishana juu ya ukurasa, ambazo kila mteja anazipenda, zina uzito na watu hawazitazami. Moja nzuri inatosha. Maandishi yawe meusi ya kutosha juu ya rangi nyeupe. Kanuni za kimataifa za tovuti zinataka tofauti ya mwanga ya angalau 4,5 kwa 1 kati ya maandishi na rangi ya nyuma, na anayesoma telefone chini ya jua la saa sita mchana anaelewa kwa nini. Namba ya telefone iwe ya kubonyeza, ipige papo hapo. Anwani iseme komini, avenue, na jengo linalojulikana karibu, kwa sababu ndivyo watu wa hapa wanavyoelekezana.

Tovuti iwe na cheti cha usalama. Tangu Julai 2018, Chrome inaandika wazi kwamba tovuti isiyo na cheti hicho si salama, na mkubwa wa manunuzi akiona neno hilo anafunga ukurasa. Cheti hicho kinapatikana bure kwa Let's Encrypt. Fundi anayemwambia mteja alipe dola 80 kwa cheti hicho bila kumweleza kwamba kipo cha bure anapanda mbegu ya ugomvi mwingine.

Na kipimo cha mwisho kisifanyiwe kwenye kompyuta ya fundi. Kifanyiwe kwenye telefone ya bei ndogo, yenye kioo kilichopasuka, kwa mega za kununua, mbali na Wi-Fi. Hapo ndipo wateja wa mteja wanapoishi.

Lugha nayo ina uzito wake. Kifaransa ni cha lazima kwa karatasi za soko. Lakini kituo cha afya ao masomo ya Kenya ao Katuba yanayoandika Kifaransa peke yake yanawaacha nje wazazi wengi. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye saa za kufungua, bei na njia ya kufika, hauongezi hata kilobaiti 20.

"Nikimpa funguo, atanifukuza"

Hiyo ndiyo hofu inayobaki, na inastahili jibu. Kijana anasema: mteja akiwa na kila kitu, kesho atamwita mtoto wa jirani abadilishe picha kwa dola 10, na yeye hataitwa tena.

Itatokea. Lakini mteja wa namna hiyo hakuwa mteja wa kudumu hata kwa funguo zilizofichwa. Alikuwa mfungwa, na mfungwa anatafuta njia ya kutoroka. Kinachomweka mteja ni kazi ya kila mwezi ambayo mtoto wa jirani haifanyi: kusasisha WordPress na programu zake, kuhifadhi nakala mahali tofauti na seva, kuangalia kama fomu ya mawasiliano bado inafikisha ujumbe, kukumbusha tarehe ya kulipia jina miezi miwili mbele, kuongeza picha za kazi mpya. Hayo yaandikwe kwenye mkataba wa pili, wa mwaka, wenye bei ndogo inayojulikana.

Hapo ndipo penye maisha ya fundi. Kazi mpya inakuja na kukatika kama mvua ya Novemba. Matengenezo ni kisima. Fundi mwenye wateja 15 wanaolipa dola 20 kwa mwezi ana dola 300 kabla hajatafuta kazi mpya hata moja. Anaweza kulipa kodi ya nyumba na masomo ya watoto bila kumfungia mtu tovuti. Na mteja anayelipa kwa hiari, huku funguo ziko kwenye kabati lake, ndiye anayempeleka fundi kwa rafiki yake wa Likasi.

Juma hili, si mwakani

Wenye kampuni, wakubwa wa masomo na viongozi wa makanisa wanaweza kuanza juma hili kwa maswali matatu kwa aliyewatengenezea tovuti: jina limeandikishwa kwa nani, linaisha tarehe gani, na nakala ya tovuti iko wapi. Wayaulize kwa heshima, na kama kuna deni walilobakiza, wapeleke na pesa. Kudai funguo huku umeshika mshahara wa mtu si haki pia. Jina likiwa la fundi, lihamishwe: kampuni inayouza majina inatoa namba ya siri ya uhamisho, na kwa kawaida kazi hiyo inamalizika ndani ya siku chache.

Vyuo vinavyofundisha enformatike viongeze masaa machache kwa mambo ambayo kompyuta haifundishi: kuandika mkataba, kutoa faktire, kujiandikisha, kuhesabu bei kwa masaa, kukataa kazi kwa adabu. Kijana anayetoka na diploma akijua kuandika programu lakini hajui kudai dola 150 zake bila ugomvi ametoka nusu.

Na watengeneza tovuti wenyewe, ambao wanafahamiana, wangeweza kukubaliana jambo moja tu: hakuna kati yao atakayeandikisha jina la mteja kwa jina lake. Mafundi 20 wa Lubumbashi wakishika neno hilo kwa mwaka mmoja, wateja wataanza kuuliza kila fundi mwingine kwa nini yeye hafanyi hivyo. Kazi itakuwa na bei, kwa sababu itakuwa na imani. Sasa hivi kila tovuti iliyofungwa kwa hasira inawafungia mlango vijana ambao hawakuwepo kwenye ugomvi, na mteja aliyeungua mara moja anampelekea soko mtu wa Lusaka ao Johannesburg, akilipa mara tatu, ili tu awe na amani.